Msimu wa Diski Isiyoonekana

Jumamosi, 11 Oktoba 1997

Nimeanza daftari jipya kwa sababu kompyuta imefika nyumbani, na jambo kama hili ni vizuri liandikwe tangu mwanzo.

Kiwandani kwetu, pale tunapotengeneza rangi, ofisi imepata kompyuta mpya. Mimi karani wa stoo nimeuziwa moja ya zile za zamani. Johnson, fundi anayezihudumia, alifuta kila kitu kilichokuwa ndani, maana mkurugenzi hataki hesabu za kampuni zitembee mitaani Eastlands. Nilisimama kando yake nikaona diski kuu ikisoma vizuri, ndipo akaizima. Akanipa disketi moja ya kuwashia, na nyingine kumi na tatu zilizofungwa kwa mpira.

"Hiyo ni Windows, Kweyu. Utaipandisha mwenyewe. Ikikuuliza swali, ijibu. Si ulifika Form Four?"

Nimeileta Ziwani, mtaa wetu hapa Nairobi, kwa mkokoteni wa kukodi, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Mke wangu Lorine alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufuma tayari mkononi, kile cha juu ya redio. "Mgeni hakai uchi," akasema, akaifunika kabla sijapata pumzi.

Mashine ni yake. Lorine ni mpiga chapa katika kampuni ya bima mjini, mwaka wa tisa sasa. Wapo watano. Mwezi uliopita meneja aliwaita akawaambia kuwa taipureta zinaondolewa, mwaka mpya barua zote zitaandikwa kwa kompyuta, na Ijumaa ya tarehe 28 Novemba watapewa mtihani. Watatu watabaki. Wawili watakwenda. Lorine ndiye mwenye vidole vyepesi kuliko wote pale, lakini kompyuta hajawahi kuigusa. Wenzake wawili wamejiunga na chuo mjini. Mimi nikamwambia, usihangaike na chuo, nitakuletea chuo hapa mezani.

Sasa nimekileta.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua ilishuka jana jioni kwa hasira. Paa letu lina vigae viwili vilivyopasuka, na maji yakaanza kudondoka karibu kabisa na meza. Tukaibeba mashine hadi kwa jirani yetu, Mzee Nzivo, ambaye nyumba yake haivuji. Yeye ni dereva wa malori aliyestaafu, anaishi peke yake, mkewe yuko nyumbani Mwala. Kanjo, baraza la jiji, ilipotujengea hizi nyumba iliweka ukuta mwembamba kati yetu, kwa hiyo tunajua akikohoa naye anajua tukigombana.

Nilifungua ubavu wa mashine nipanguse matone. Mzee akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Injini ni ipi hapo?"

Nikamwonyesha diski kuu. "Hii ndiyo hukumbuka kila kitu. Bila hii, Mzee, hilo ni sanduku tu."

"Bila hiyo haiendi?"

"Haiendi."

Akaitika kwa kichwa kama daktari. Akaniambia wezi wa siku hizi wanapitia darini, lakini nisiwe na wasiwasi, kitu kikiwa kwake kiko salama.

Asubuhi tulipokuwa tunajitayarisha kwenda kanisani, akapita na mfuko wake. Anakwenda Mwala kupanda, mvua isimtangulie. Akampa Lorine ufunguo. "Hiyo mashine msiiwashe mpaka nirudi," akasema.

Wazee wanaogopa stima, huu umeme. Nimempungia mkono tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepaka lami kwenye paa. Mashine imerudi kwetu. Binti yetu Mitchelle, ambaye ana miaka minne, ameiamkia shikamoo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupandisha Windows. Lorine alivaa vizuri, sijui kwa nini. Nami nilikuwa nimevaa shati la kazini.

Nikaingiza disketi ya kuwashia. Skrini ikawaka nyeusi, herufi nyeupe zikatokea. Lorine akapiga makofi. Nikaingiza disketi ya kwanza ya Windows, nikaandika lile neno alilonifundisha Johnson. Ikafikiri kidogo. Kisha ikaandika kwa Kizungu chake kuwa haioni diski yoyote ya kuwekea.

Nikajaribu tena, ikasema vile vile. Nikazima, nikawasha. Vile vile.

"Ni nini?" Lorine akauliza.

"Haioni diski."

"Si iko ndani?"

"Iko."

"Basi iambie iko ndani."

Nilifungua ubavu nikaweka sikio. Diski inavuma. Inazunguka, ina joto kama mayai chini ya kuku. Kwa hiyo stima inaifikia. Niliingia katika ule ukurasa wa bluu ambapo mashine hutambua viungo vyake, nikaiamuru itafute. Ikatafuta. Ikasema hakuna.

Kibandiko cha juu ya diski kina tarakimu zake za kuzaliwa: sahani ngapi, vichwa vingapi. Nikaziandika kwa mkono wangu katika ukurasa ule, tarakimu moja moja, Lorine akinisomea. Mashine ikangoja, ikangoja, ikakataa. Kibandiko kina pia mchoro mdogo wa sindano na herufi mbili ambao sikuuelewa.

Lorine alivua ile nguo nzuri akaenda kuchemsha chai.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Kenyatta. Watu wamekwenda uwanjani na mvua imewarudisha. Nimechomoa waya mpana kama utepe unaounganisha diski na mashine, nimeusafisha, nimeurudisha. Nimeugeuza. Nilipougeuza mashine haikuwaka kabisa, kwa hiyo nimejua upande wa kwanza ndio sahihi. Hilo angalau nimejifunza.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Kutoka kiwandani nimepita njia ya Mukuru na maji yalikuwa magotini. Mtu alikuwa amebeba kitanda kichwani, na juu ya kitanda kuku.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepata waya mwingine wa utepe mjini. Hakuna tofauti.

Lorine hajangoja. Ile disketi ya kuwashia inamfikisha kwenye skrini nyeusi yenye alama moja inayopepesa, naye anakaa hapo kuzoea kibodi. Ni laini kuliko taipureta, anasema vidole vinateleza. Aliandika barua nzima ya madai ya bima, na kila akimaliza mstari mashine inamjibu kuwa hiyo si amri inayojulikana. Akaandika: Kweyu njoo ule. Ikamjibu kuwa hiyo si amri inayojulikana.

"Umeona?" akasema. "Hata wewe huwa unanijibu hivyo."

Tukacheka mpaka Mitchelle akaja kuuliza ni nini. Lakini mtihani wao si wa skrini nyeusi. Ni wa Windows, na kipanya cha kusukuma kwa mkono, na picha ndogondogo za kubonyeza. Hicho kipanya ndicho anachokiogopa. Kimelala kando ya kibodi chini ya kitambaa chake mwenyewe, nacho bila diski hakina kazi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemwuliza Johnson. Nilijaribu kuuliza kwa upole lakini nadhani haikutoka hivyo.

"Unamaanisha nimekuuzia kitu mbovu?"

"Namaanisha niliiona ikifanya kazi, na sasa haifanyi."

"Basi ilikufa kwa mkokoteni, buda. Hizo vitu si viazi."

Najua mikono ya mafundi. Anaweza kuwa amebadilisha diski nilipokwenda kutafuta blanketi. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kusema mbele ya watu: simwamini Johnson.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Redio inasema daraja limechukuliwa upande wa Machakos, njia ya Mwala. Tumemkumbuka Mzee Nzivo. Nyumba yake imefungwa. Lorine amefungua madirisha ipate hewa, akafagia.

Jumamosi, 1 Novemba

Jawahir ametutembelea. Ndiye mkubwa wa wapiga chapa pale ofisini kwa Lorine, mama wa makamo kutoka Pumwani. Ndiye aliyemfundisha Lorine kazi alipoingia akiwa msichana asiyejua hata kubadilisha utepe. Hana chuo yeye, ana wajukuu watatu wa kulea. Alikuja na mahamri kwenye bakuli lililofunikwa, akaja kuona kompyuta.

Akaitazama, akazunguka, akainua kitambaa.

"Ewe Lorine, hii ndiyo itakayotufukuza?"

"Hii ni ya kwetu, Mama. Ya kufukuza iko ofisini."

"Mbona haifanyi kitu?"

"Inamngoja mume wangu."

Wote wawili wakanitazama. Nikanywa chai.

Jawahir alishika kile kipanya akakisukuma polepole juu ya kitambaa, skrini ikiwa imezimwa kabisa, ili mkono upate kujua uzito wake. Lorine akamfuata. Walikisukuma kwa zamu kwa muda mrefu, wakizungumza mambo mengine kabisa, harusi ya mtu fulani na bei ya sukari.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani leo nimekaa karibu na Lorine kama kawaida. Mhubiri alipokuwa akisoma, niliona vidole vya Lorine juu ya jalada la kitabu cha nyimbo vikitembea. Alikuwa anapiga chapa mahubiri. Kila neno. Mhubiri aliposita, vidole vikasita. Aliposema Amina, kidole cha mwisho kikashuka.

Nimeishi na huyu mwanamke miaka sita nikidhani hana wasiwasi, kwa sababu hupika na kucheka. Sasa nimeona mahali wasiwasi wake unapokaa.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Stima imepotea siku nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilimpelekea Johnson diski yenyewe, nikaiweka mezani pake. Nikasema, nionyeshe. Akaifungua mashine ya pale ofisini, akaipachika chini ya diski iliyomo, akawasha.

Imesoma.

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Iko safi, tupu, nzima, kama alivyoiacha.

"Diski iko sawa," Johnson akasema. "Niaje sasa, Kweyu? Bado mimi ni mwizi?"

"Sikusema mwizi."

"Ulikuwa unaniangalia kama mwizi."

Nikaomba radhi. Akasema ni sawa, lakini kwa sauti ya mtu ambaye bado si sawa. Basi ubaya ni wa mashine, akasema, mdomo wake wa kusomea diski ndio umekufa, na huo hauna dawa.

Jioni nikairudisha diski ndani ya mashine yetu. Haionekani.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo tumegombana, na ni vizuri Mzee Nzivo hayuko, angesikia yote.

Nilikuwa nimeutoa ubavu wa mashine tena, bisibisi mkononi, nikimweleza Lorine kwamba diski ni nzima kwa Johnson na ni kipofu kwetu, kwamba hilo haliwezekani, kwamba lazima nijue sababu. Alikuwa anakunja nguo. Akaziweka chini.

"Baba Mitchelle, tangu mwezi uliopita unatengeneza mashine. Mimi, ni nani atanitengeneza?"

"Si ndiyo hii nafanya?"

"Unafanya kwa sababu inakushinda. Wewe ukishindwa na kitu unakioa. Wenzangu wako chuoni. Wanarudi wananiambia leo tumefanya hivi, leo tumefanya vile. Mimi nawaambia nini? Leo mume wangu amegeuza waya?"

Nikasema chuo kilikuwa mbali na mvua ni nyingi. Akasema yeye si chumvi. Nikasema jambo ambalo sitaliandika, kuhusu nani hasa alikuwa na haraka ya kuifunika kitambaa. Halikuwa na maana yoyote, lilikuwa la kuumiza tu. Akarudi kukunja nguo. Mitchelle akaenda akasimama katikati yetu akashika sketi ya mama yake.

Kweli ni kwamba mimi ndiye niliyemkataza chuo. Kama tarehe 28 itamkuta hajui kushika kile kipanya, kazi ya miaka tisa itakwenda, na haitakuwa kosa la mvua wala la Johnson.

Nimeurudisha ubavu wa mashine, nimekaza skrubu zote. Nimeosha vyombo.

Jumapili, 9 Novemba

Hatukuzungumza njiani kwenda kanisani. Tuliporudi kulikuwa na dimbwi kubwa, akanishika bega ili avuke. Alipovuka hakuliachia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeuliza habari za chuo. Wameshajaa mpaka Januari.

Alhamisi, 13 Novemba

Johnson amekuja nyumbani. Sikumwalika. Alitembea kutoka Industrial Area kwenye maji, na chini ya shati alikuwa amebeba ubao mdogo wenye mdomo mwingine wa diski, umefungwa kwa karatasi ya nailoni na kufungwa tena. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka nywele.

"Nimefikiria hiyo maneno mpaka nikakosa amani," akasema. "Wacha tujaribu na hii."

Tukajaribu. Haikuonekana. Johnson akakaa chini, akaitazama mashine kama mchezaji aliyefungwa bao asilolielewa. Lorine akampa shati langu kavu na ugali na sukuma, akala sahani mbili.

"Mama Mitchelle," akasema, "ningekuwa na mashine ningekuachia. Zile za ofisi hesabu zake ziko ndani."

"Umekuja na mvua hii," Lorine akamjibu. "Kula."

Ameondoka na shati langu, na sitaliuliza.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwa furaha na hasira pamoja, na kalamu haijui ifuate ipi.

Adhuhuri Mzee Nzivo amerudi. Daraja lilikuwa limechukuliwa, alitembea, akavushwa, akapanda lori la mchanga, akatembea tena. Viatu vyake ni udongo mtupu. Amekuja na kuku mmoja hai aliyefungwa miguu, zawadi ya Lorine. Lorine akampa kiti na chai, naye akaanza habari za mahindi na kunde, jinsi mvua imezidi. Kisha akageuka akaitazama meza.

"Naona mliichukua."

"Tuliichukua, Mzee."

"Lakini hamkuiwasha."

Nikacheka kicheko cha uchungu. "Mzee, tumeiwasha mwezi mzima. Haioni diski." Nikamweleza yote. Waya, tarakimu, Johnson, ubao chini ya shati. Alisikiliza kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni, na hakikufika.

"Kwani," akasema, "mlikuwa mnaiwasha bila rota?"

"Rota gani?"

Akaweka kikombe chini. Akaingiza mkono katika koti, akatoa mkebe wake wa ugoro. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa, na ndani ya gazeti kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele ukiikata katikati. Kifuniko cha plastiki chenye matundu mawili.

Mzee akaeleza kama dereva anayemweleza turnboi mpya, utingo wake. Lori likilala njiani, dereva hufungua boneti, akafungua distributa, akatoa rota, akalala nayo mfukoni. Mwizi akija atapiga stata mpaka kuche, lori haliondoki. Amelala na rota Mariakani, Voi, Mtito Andei, na katika maisha yake yote hajaibiwa hata lori moja. Nilipomwambia kuwa bila diski mashine haiendi, alingoja nitoke, akafungua ule ubavu ambao sikuwa nimeukaza, akatafuta pale kwenye diski kitu kidogo kinachotoka bila nguvu. Akakitoa. Akaenda nacho Mwala.

"Nilisema msiiwashe mpaka nirudi," akasema. "Nilikuwa narudi baada ya wiki mbili tatu. Nani alijua mvua itameza daraja?"

Niliona giza kwa hasira. Nilitaka kusema mambo. Lakini Lorine alikuwa ameanza. Alianza kwa kuziba mdomo kwa kanga, akashindwa, akakaa sakafuni na kuku akiwa mapajani, akacheka mpaka machozi. "Ugoro!" akasema. "Kazi yangu ilikuwa kwenye ugoro!"

"Mama, nisamehe," Mzee Nzivo akasema, na sijawahi kumwona amenywea hivyo. "Nilikuwa nailinda."

"Uliilinda, Baba. Hakuna aliyeiiba. Hata sisi wenyewe tulishindwa."

Nikafungua ubavu. Sasa ule mchoro wa kwenye kibandiko nikauelewa: sindano ni hizi, na herufi mbili zinaonyesha kifuniko kikae wapi. Mzee naye akaelekeza kidole papo hapo. Nikakichukua kwa ncha za kucha, nikakipuliza ugoro, nikapiga chafya, nikakisukuma kikaingia.

Nikawasha. Diski imeonekana.

Nimekwenda kibanda cha simu nikampigia Johnson. Alijitukana yeye mwenyewe. Bila kile kifuniko, akasema, diski hujihesabu kuwa ya pili, hukaa ikingoja ya kwanza izungumze. Kwake ilikuwako ya kwanza, ndiyo maana ilisoma. Kwetu ilikuwa peke yake, ikingoja mkubwa ambaye hayuko.

Disketi kumi na tatu tumezimaliza jioni hii. Mzee Nzivo alikaa kwenye kiti akinipa moja moja, amezipanga juu ya goti, na kila mashine ilipoomba nyingine aliitika, "Ndiyo, mama." Skrini ilipogeuka rangi ya mbingu na mawingu, Mitchelle akasema, "Mvua imeisha."

Haikuisha. Lakini Lorine ameondoa kitambaa cha kipanya.

Jumatatu, 17 Novemba

Amekesha na kipanya chake. Anabonyeza mara mbili lakini polepole mno, mashine inadhani ni mara moja na mara moja. "Gonga kama unabisha kwa mtu unayemjua," nimemwambia. Ikafunguka.

Jumanne, 18 Novemba

Barua ya kwanza. Ameipoteza. Hatujui imekwenda wapi.

Jumatano, 19 Novemba

Barua imeonekana. Ilikuwa ndani ya pipa la takataka. Lorine anasema hata mashine inajua meneja wake anaandika takataka.

Jumamosi, 22 Novemba

Jawahir amekuja, na Lorine amemkalisha kwenye kiti chenyewe, yeye akasimama. Nilifanya ishara kwamba muda ni mfupi, wiki hii ni yake mwenyewe, watatu tu ndio watabaki. Aliona ishara yangu vizuri. Akanigeuzia mgongo.

Jawahir anajifunza taratibu. Mkono wake ni wa taipureta kubwa, unapiga kama unapiga ngoma. Aliondoka giza likiingia, Mzee Nzivo akamsindikiza hadi Pumwani na tochi. Siku hizi Mzee anatusindikizia kila mtu. Hatujamwambia alipe lile kosa.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Lorine hanihitaji tena. Nikikaribia meza ananiambia nampunguzia mwanga.

Ijumaa, 28 Novemba

Amekwenda. Alivaa ile nguo aliyovaa siku ile ya kwanza. Mzee Nzivo alitoka nje asubuhi na mapema akafagia maji mlangoni kwetu ili viatu vyake visilowe.

Amerudi. Anasema alimaliza barua, jedwali alilifikisha nusu. Jawahir alikaa meza ya kando yake. Anasema alimsikia akibonyeza, akabonyeza tena, akavuta pumzi. 

Ijumaa, 5 Desemba

Majibu. Waliobaki ni wale wawili wa chuoni, na Lorine.

Nilikuwa nimenunua nyama. Mzee Nzivo alishangilia kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. Lorine alitabasamu, akamshukuru, akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake. Nikakaa kando yake.

"Ndiye aliyenionyesha kuweka karatasi kwenye taipureta," akasema. "Siku ya kwanza niliiweka kinyume. Meneja yule wa zamani alikuwa anakuja. Jawahir akaichomoa haraka akaiweka ya kwake, akasema ile iliyoharibika ni yake."

 Nilimvua viatu.

"Leo amefunga meza yake, akanipa kile kiwembe chake cha kufutia makosa. Akaniambia, mwanangu, kompyuta haina haja nacho, lakini kiweke. Halafu akanisifu. Mbele ya watu wote."

Nyama tutakula kesho.

Jumatatu, 8 Desemba

Lorine amepita Pumwani akitoka kazini. Kuna wakili Eastleigh ambaye anatafuta mpiga chapa wa kompyuta, mtu wa kuanza Februari. Jawahir amesema hatajaribu, amechoka kujaribiwa. Lorine amekaa kwake mpaka akabadilisha neno.

Jumamosi, 13 Desemba

Jua limetoka asubuhi yote, mtaa umejaa nguo zilizoanikwa. Jawahir amefika na mahamri na mjukuu mmoja. Mjukuu na Mitchelle wamekwenda kuchezea matope yanayokauka. Mimi nimeambiwa nikae kwa Mzee Nzivo, tumekaa kizingitini tukimenya njegere.

Kupitia ule ukuta mwembamba tunasikia. Kimya. Kubonyeza. Kimya kirefu.

"Polepole mno, Mama. Anadhani ni mara moja."

"Anadhani, anadhani! Mbona hii inadhani sana?"

"Gonga kama unabisha kwa mtu unayemjua."

Kikagongwa. Nikasikia Jawahir akicheka, kicheko cha msichana kabisa.

"Atapata hiyo kazi?" Mzee Nzivo akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Mimi naona atapata," akasema, akaendelea kumenya.

Jua lilipokuwa linashuka, Lorine akachungulia mlangoni. Alikuwa na kalamu nyuma ya sikio. "Baba Mitchelle, leo pika wewe. Sisi hatujamaliza."

Nimepika. Ugali umekuwa na madonge, na njegere zimeshika chini kidogo. Jawahir amekula bila kulalamika, kwa mkono wake wa kulia. Kipanya amekihamishia kushoto, na hakukiachia mpaka sahani ilipokwisha.